Wifi Bi Gramu na Figo za Karani

Wifi yangu ana tabia moja iliyonikera kwa miaka kumi na sita: hawezi kumwona kiumbe mwenye manyoya bila kumpima uzito. Mbwa wa jirani akipita, macho yake yako kwenye mbavu. Kuku akiletwa mlangoni, yeye humnyanyua kwa mkono mmoja, hutulia kidogo, kisha hutaja kilo na gramu, na mwenye kuku akienda kuhakikisha kwenye mizani anakuta ni hivyo hivyo. Kazini kwake, zahanati ya wanyama iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, wanamwita Bi Gramu. Mimi nilikuwa na majina mengine ya kumwita, ila sitayaandika hapa kwa sababu mume wangu ni kaka yake na anajua kusoma.

Watu wakiniuliza wifi yako anafanya kazi gani, zamani nilikuwa najibu kwamba anaosha vizimba. Sikusema uongo. Anaosha vizimba, anafua taulo za wagonjwa, anapiga deki, anashika paka wakali wakati wa sindano, na mikono yake ina michirizi ya kucha kuanzia vidole hadi viwiko. Alimaliza shule ya msingi, basi. Aliitwa pale kushika nafasi ya mtu aliyevunjika mkono, wiki mbili tu. Aliyevunjika mkono alipona zamani, akaenda kuuza simu, na zile wiki mbili sasa zina miaka ishirini na miwili.

Siku yake ya kwanza Daktari alimwambia kwamba dawa hutolewa kwa uzito, kwa hiyo mgonjwa asifike kwake bila kupimwa. Yeye akaongeza na wazima. Paka aliyekuja kuchanjwa tu, anapimwa. Mbwa aliyemsindikiza bwana wake kununua dawa ya viroboto, anapimwa. Kila uzito unaingia kwenye daftari, na kila Ijumaa jioni, wenzake wakishavua makoti, yeye hukaa dakika ishirini akisoma namba za zamani kama mtu anayesoma barua kutoka kwa ndugu. Nilipoelezwa habari hii mara ya kwanza nilisema makubwa haya, mtu mzima kukaa na daftari la uzito wa mbwa. Mdomo wangu hauna breki, nakiri.

Nyumbani kwetu tulikuwa watatu na paka. Mimi ni fundi cherehani na chumba cha mbele ndicho duka langu. Mume wangu hutengeneza friji za watu, hivyo hutoka asubuhi. Mama mkwe alikuwa na chumba cha nyuma chenye dirisha la uani. Na paka, dume la rangi ya majivu lenye soksi nyeupe, aliitwa Karani kwa sababu kila nikiweka karatasi yenye vipimo vya mteja, yeye alikwenda kuikalia na kunitazama kana kwamba nimekuja bila kitambulisho.

Karani alikuwa wa Mama. Presha ya macho ilimfunga Mama macho polepole, na mwanga wa mwisho ulikwisha miaka sita kabla ya haya ninayoyaeleza. Paka alikuja kabla ya giza, kwa hiyo Mama alimjua rangi na soksi zake. Mimi alinijua kwa sura ya zamani, kabla sijanenepa, na kwa hilo nilishukuru. Kila jioni alimnyanyua Karani mwenyewe na kumweka kitandani, na alizungumza naye mambo ambayo sisi hatukuambiwa. Jioni moja nilipita na nguo za kupiga pasi nikamsikia akimwambia, "Usinitangulie, baba. Ukinitangulia, nitabaki peke yangu kwenye giza hili." Nilisimama pale ukumbini na nguo mikononi. Sisi tulikuwepo nyumbani, tulimpenda, lakini nilielewa anachosema. Mchana wote mimi niko na cherehani na wateja, na aliyekuwa naye saa zote ni yule paka wa miaka kumi na minne.

Miezi michache baadaye Mama aliniambia kwamba Karani amepungua mkononi. Nikamjibu kwamba pengine ni mikono yake yeye iliyopata nguvu. Alicheka, na mimi nikarudi kwenye pindo la sketi ya mteja.

Sasa, wifi alikuwa na desturi ya kuja kwetu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na mizani ya kuning'iniza na mfuko wa kitambaa. Kabla hata ya chai, Karani alitiwa mfukoni, akaning'inizwa ukumbini akilalamika, akaandikwa. Jumapili moja wifi alirudi mezani, akakaa, akasema kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, "Kilo nne na gramu mia nne. Miaka miwili iliyopita alikuwa tano na mia moja. Amepoteza gramu mia saba."

Mnaojua mambo ya mawifi mtanielewa. Wifi akisema sufuria yako ni nzito, anasema hujui kusugua. Akisema mtoto wako mwembamba, usingizi umekwisha wiki nzima. Huyu ananiambia mbele ya kaka yake na mbele ya mama yake kwamba paka amekonda ndani ya nyumba yangu. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba ninamnyima paka chakula. Damu ikanichemka. Nikamwambia, wifi, ukimaliza na paka nipime na mimi, uone kaka yako ananilisha nini. Mume wangu akatazama dari, kama afanyavyo siku zote sisi wawili tukianza.

Yeye hakukasirika, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Aliuliza paka anakunywa maji kiasi gani. Nikasema kawaida. Akauliza nani anajaza bakuli. Nikasema, nani mwingine, mimi. Mume wangu akakohoa akasema hata yeye hulijaza asubuhi kabla ya kutoka, maana hulikuta limepungua. Halafu Mama, kutoka kwenye kiti chake, akasema kwamba yeye huingiza kidole, na maji yasipofika kwenye kiungo cha pili humwongezea kutoka kwenye jagi lake mwenyewe.

Watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja akiona bakuli limepungua kidogo, analijaza kwa huruma, na kila mmoja anadhani ni yeye tu. Bakuli lilikuwa limejaa siku zote, na paka alikuwa anakunywa mbele ya macho yetu bila sisi kumwona. Wifi akauliza na mchanga wake je. Nikasema siku hizi nabadilisha mara mbili kwa siku, nadhani mchanga wa sasa hauna ubora. Akaniuliza tangu lini. Sikujua.

Alinipa kazi ya wiki moja. Ajaze mtu mmoja tu, kwa jagi lenye mistari ya vipimo, na kila asubuhi nipime kilichobaki. Nilikubali kwa shari, ili nimwaibishe. Kisha akaniambia nichukue bakuli la pili, lile lile kwa ukubwa, nilijaze maji na kuliweka juu ya kabati ambako paka hafiki. Nikamuuliza hilo ni la nani. Akasema la hewa, maana hewa nayo inakunywa, na tusije tukamsingizia Karani. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Lakini niliweka, na kila asubuhi nililishusha bakuli la hewa nikalipima, na kweli lilikuwa limepungua kidogo. Hapo ndipo kicheko kilipoanza kuniisha. Kuna mtu duniani anafikiria hata maji yanayonywewa na hewa, na mtu huyo nilikuwa namwita muosha vizimba.

Wiki ilipokwisha, hesabu ilionyesha Karani anakunywa zaidi ya mililita mia tatu kwa siku. Paka wa uzito wake, wifi alisema, hatakiwi kupita mia mbili na kidogo. Akasema tumpeleke kwa Daktari, na Mama akauliza kwa sauti ndogo kama Karani anakufa. Wifi alimshika mkono akamwambia, "Sijui, Mama. Ndiyo maana tunakwenda kuuliza mapema."

Daktari ni mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpapasa Karani mgongo, akamtoa damu, na siku ya pili majibu yakaja: kipimo cha figo kiko ndani ya kawaida. Acheni niseme ukweli, nilifurahi mara mbili. Nilifurahi kwa ajili ya Mama, na nilifurahi kwamba wifi ameshindwa. Nilikuwa nimeshambeba Karani niende zangu wifi alipoweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akamwambia Daktari kwa heshima zote kwamba haridhiki. Alisema uchafu unaohesabiwa na kipimo kile hutoka kwenye misuli, na paka huyu misuli imepungua, basi namba inaweza kuwa nzuri kwa sababu ya kukonda na si kwa sababu ya uzima. Daktari alivua miwani. Akasema, Bi Gramu, ulichosema ni sawa, nilikuwa nafika huko. Kisha akaomba mkojo.

Mkojo wa paka unapatikanaje? Mchanga unaunywa wote. Wifi akanifuata mpaka dukani kwangu, akazungusha macho, akalionea tamaa kopo langu la vifungo vya plastiki. Aliviosha, akavikausha, akavimwaga kwenye trei tupu ya paka badala ya mchanga. Karani aliingia, akavichakura vifungo vya mashati ya watu kwa dharau kubwa, akajisaidia. Wifi aliuvuta mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vifungo vile sikuvitumia tena, mteja yeyote anayesoma haya awe na amani.

Pale zahanati alitoa kibomba kidogo cha chuma chenye kioo upande mmoja. Akaweka tone moja, akakielekeza dirishani, akatazama, akaniita. Nikaweka jicho. Ndani kulikuwa na duara, juu buluu, chini nyeupe, na mahali rangi zinapokutana pana mstari ulionyooka juu ya namba ndogo ndogo. Aliniambia paka mwenye figo nzima hubana maji, mkojo wake huwa mzito, na mstari hupita thelathini na tano. Wa Karani ulikuwa kumi na nane. Figo zake zilikuwa zinaachia maji yapite, ndiyo maana anakunywa kuyarudisha. Tone moja la mkojo, na mwanga wa dirisha, vilikuwa vimeniambia jambo ambalo damu yenyewe haijalisema.

Wifi naye hakuuamini mstari ule mara moja. Baada ya wiki mbili alirudia, mstari ukawa pale pale, na damu nyingine ikapelekwa kwenye maabara kubwa yenye kipimo kipya kinachowahi kuuona ugonjwa. Siku tuliyokuwa tukingoja majibu hayo nilikaa kwenye chumba chake cha mizani. Ni chumba chembamba, meza ya chuma, taulo iliyokunjwa juu ya sahani ya mizani ili mnyama asisikie baridi ya chuma, dirisha la wavu, harufu ya dawa ya sakafu. Kwenye rafu kulikuwa na madaftari ishirini na mbili. Daktari akapita akaniuliza kama wifi amewahi kuniambia habari za paka kumi na mmoja. Nikasema hatuambiani mengi.

Basi akanieleza. Miaka tisa nyuma, wifi alimgongea mlango Ijumaa jioni na madaftari mikononi. Alikuwa amewachukua paka wazee kumi na mmoja waliokufa kwa figo, akarudi nyuma kwenye uzito wao, mwaka hadi mwaka. Karibu wote walikuwa wameanza kupungua miaka miwili, hata mitatu, kabla ya mtu yeyote kusema wanaumwa. Walipungua kidogo mno, gramu hamsini, gramu themanini, kiasi ambacho mkono wa mwenye paka hauwezi kukijua. Alimwuliza Daktari kama hii ni kweli au anaota. Daktari aliniambia alikwenda kutafuta kwenye majarida ya wataalamu, akakuta watu wenye vyuo na kompyuta wamelitazama jambo hilo hilo kwa maelfu ya paka na kuona hivyo hivyo. Tangu siku hiyo, alisema, paka aliyepita miaka saba hatoki hapa bila Bi Gramu kutazama uzito wake wa nyuma.

Mtu aliyeishia shule ya msingi, akiwa na ndoo na daftari, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameuona ugonjwa unapoanza kutembea. Na mimi, fundi ninayekijua kiuno cha mteja kwa jicho kabla sijashika futi, nimekaa na paka mwenye gramu mia saba pungufu nikalaumu mchanga. Nilinywea. Sijawahi kumwogopa wifi yangu, lakini siku ile nilimwogopa kidogo, kwa namna nzuri.

Majibu yalikuja. Kipimo kipya kilikuwa kimepanda, si sana. Shinikizo la damu, walilolipima kwa kimpira kidogo mkiani, lilikuwa sawa. Daktari alimweleza Mama mwenyewe, akiwa amechuchumaa mbele ya kiti chake. Alimwambia ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo mno, malaki. Vikifa vichache, vilivyobaki vinabeba kazi yao bila kulalamika, vikifa vingine vinabeba tena, na paka naye ni mwenye kuficha, hula na kujilamba kama kawaida. Wengi huletwa robo tu ikiwa imebaki. Nikawaza karakana ambamo mafundi wanaanguka mmoja mmoja, na waliobaki wanashona mafungu ya wenzao, na tajiri hajui kitu kwa sababu nguo zinatoka kwa wakati. Yote hayo ndani ya paka aliyekalia karatasi zangu.

"Iliyokwenda hairudi," Daktari alisema. "Tunalinda iliyobaki."

"Atanitangulia?" Mama aliuliza, na sisi sote tulijua anauliza nini.

Wifi ndiye aliyejibu. "Tumemkamata mwanzoni, Mama. Siwezi kukuahidi kitu. Lakini ana nafasi ambayo wale kumi na mmoja hawakuwa nayo."

Ukarimu wa zamani wa samaki ukaisha, kikaja chakula maalumu laini, chenye madini machache yasiyochosha figo. Karani alikikataa wiki tatu. Kwa ukaidi anamshinda hata mume wangu. Wifi alituonya tusimlazimishe wala tusimwache na njaa, akatufundisha kuchanganya kijiko kimoja kwenye chakula alichokizoea, kisha viwili. Mama alimlisha kwa kidole. Tukaweka mabakuli ya maji vyumba vyote, ila mwenye kujaza akawa mmoja, na mimi nikaandika. Ndiyo, mimi, na daftari langu. Kila baada ya miezi mitatu tulirudi kwenye kile kibomba cha kioo. Uzito ulikaa: nne na mia nne, nne na mia tatu, nne na mia nne tena. Mume wangu alitukuta siku moja mimi na dada yake tumeinamia namba hizo tukicheka, akauliza kama kuna msiba. Hakuwahi kutuona tumeketi upande mmoja wa meza.

Nilimwomba wifi radhi pia. Nilimwambia Jumapili ile nilisikia ananiita mchoyo. Akasema anajua, na kwamba alikuwa amekaa na ile namba mwezi mzima akitafuta namna ya kuisema ambayo haitaniudhi, akakosa, akaona heri nimkasirikie. Nilimkata gauni la kitenge bila kumpima, na lilimkaa.

Miaka miwili na miezi minne ilipita hivyo. Karani alikaribia miaka kumi na saba, akawa mwembamba wa kizee, mwenye kelele, mwenye kula. Mama ndiye aliyeanza kudhoofika. Alilala zaidi, akaongea kidogo, na mazungumzo aliyobakiza mengi yalikuwa na paka.

Asubuhi moja ya kawaida nilimpelekea chai. Dirisha la uani lilikuwa wazi na cherehani yangu ilikuwa tayari na uzi. Nilimwita, hakuitika. Nilimgusa mkono, nikajua. Karani alikuwa amejikunja mwisho wa kitanda, juu ya miguu ya Mama, akanitazama, hakuondoka. Nilimpigia mume wangu, na kabla sijamaliza kulia nikampigia wifi.

Alifika kwanza yeye, na koti la kazi lililolowa magotini. Hakupiga kelele. Alimshika mama yake shavu, akamshika mikono, yote imepoa. Kisha akakaa mwisho wa kitanda na kupitisha mkono wake chini ya paka, taratibu, kama anavyofanya na wagonjwa wake. Nilimwona akiganda. Uso wake, ambao miaka yote sikuwahi kuusoma, ulifunguka wote.

"Wifi," aliniambia, "njoo uguse miguu yake."

Nilipiga magoti nikaingiza mkono. Miguu ya Mama ilikuwa na joto, joto la mtu aliyelala usingizi tu. Hatukumwondoa Karani. Tulikaa pale, mikono yetu miwili chini ya tumbo lake, mpaka mume wangu alipofika.